Kususia Sukari ya Watumwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kati ya miaka ya 1780 na 1840 maelfu ya watu nchini Uingereza na Marekani walikataa kununua sukari, ramu na pamba iliyotoka kwenye mashamba ya watumwa. Walishawishiwa na vijitabu vidogo vya bei ndogo vilivyopita mkono kwa mkono. Hapa tumekusanya maswali ambayo wanafunzi, walimu na wasomaji wengine huyarudia. Ya mwanzo ni ya msingi, ya mwisho yana utata zaidi. Jibu likigusa jambo lililoelezwa mahali pengine, tutakuelekeza kwenye swali hilo.

## Mambo ya msingi

1. Mgomo wa sukari ulikuwa nini hasa?

Mwezi wa Aprili 1791 Bunge la Uingereza lilikataa hoja ya William Wilberforce ya kupiga marufuku biashara ya watumwa. Kura zilikuwa 163 dhidi ya 88. Watu waliokuwa wakikusanya sahihi tangu 1788 walibaki wameduwaa. Mji wa Manchester peke yake ulikuwa umetoa sahihi zaidi ya 10,000, na ulikuwa na wakazi wasiofika 50,000. Isitoshe, wengi wa waliotia sahihi hawakuwa na haki ya kumchagua mbunge hata mmoja.

Lakini kila mmoja wao alinunua sukari, au aliishi nyumba moja na mtu aliyeinunua. Ndipo likaenea wazo la kuacha kabisa sukari na ramu ya visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza, kama Jamaica, Barbados na Antigua, mpaka biashara ile ikomeshwe. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi nzima juu ya farasi akikusanya ushahidi, alikadiria kwamba watu wapatao 300,000 waliacha sukari. Ni makadirio ya mtu mmoja, tena mwenye upande, lakini alifika mijini na vijijini kuliko mtu mwingine yeyote wa harakati hizo, na aliona kwa macho yake familia za matajiri kwa maskini zikinywa chai bila sukari.

2. Kwa nini sukari, na si tumbaku, kahawa au pamba?

Sukari ilikuwa mezani kila siku. Katika karne ya 18 chai yenye sukari ilishuka kutoka kwa matajiri hadi kwa mafundi, vibarua na watumishi wa ndani, na karibu sukari yote iliyoliwa Uingereza ilitoka kwenye mashamba ya watumwa ya Karibi. Mlaji hakuhitaji kufikiri sana kuuona uhusiano wake nayo.

Pia kazi ya miwa ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoua watu haraka kuliko zote. Watumwa walichimba mashimo ya kupandia kwa jembe la mkono chini ya jua kali, wakakata miwa, kisha msimu wa kukamua wakafanya kazi usiku na mchana kwenye vinu na masufuria ya kuchemshia. Penye kinu paliwekwa shoka, ili mkono wa mtu ukinaswa na magurudumu ukatwe kabla mwili wote haujavutwa ndani. Waliokufa katika visiwa hivyo walikuwa wengi kuliko waliozaliwa, na pengo lilizibwa kwa kuleta Waafrika wengine. Ndiyo maana wakomeshaji walisema kwamba kila bakuli la sukari linaiita meli nyingine.

3. Nani alianza?

Waquaker, yaani Kanisa la Marafiki ambalo wasomaji wetu wa magharibi mwa Kenya wanalijua vizuri tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902. Mmoja wa mwanzo alikuwa Benjamin Lay, aliyewahi kuishi Barbados na kuona mateso ya watumwa waziwazi. Baada ya kuhamia Pennsylvania alikataa kula wala kuvaa kitu chochote kilichotokana na kazi ya mtumwa. Mwaka 1737 alitoa kitabu cha kuwalaani Waquaker wenzake waliomiliki watumwa, na mchapaji wake alikuwa Benjamin Franklin. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano mkuu wa Waquaker huko Burlington, alichoma upanga kitabu alichokuwa amekitoboa katikati na kuficha ndani yake kibofu chenye maji mekundu ya matunda. Maji hayo yakawarukia waliokaa karibu kama damu. Walimtoa nje.

Baada yake alikuja John Woolman, mtu mpole kabisa, ambaye naye aliacha sukari na kuvaa nguo zisizotiwa rangi. Hawa wawili hawakuanzisha mgomo wa umma. Walikuwa wakitakasa maisha yao wenyewe. Hatua ya kuigeuza dhamiri ya mtu mmoja kuwa shinikizo la watu wengi ilikuja na vijitabu.

4. Kwa nini mnatenganisha "biashara ya watumwa" na "utumwa"?

Kwa sababu harakati zenyewe zilitenganisha. Kamati iliyoundwa London tarehe 22 Mei 1787, yenye watu 12 ambao 9 kati yao walikuwa Waquaker, iliamua kushambulia kwanza usafirishaji wa watu baharini. Iliamini kwamba wenye mashamba, wakikosa watu wapya, watalazimika kuwatunza vizuri walionao. Sheria ya kukomesha biashara hiyo ilipita 1807. Utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni ya Uingereza hadi sheria ya 1833. Ndiyo maana kuna migomo miwili ya sukari Uingereza: wa 1791–1792, na ule wa miaka ya 1820 (tazama swali la 10).

## Vijitabu na uchapaji

5. Ni kijitabu gani kilichowasha moto?

Kile cha William Fox, kilichotoka London mwaka 1791 kikiwasihi wananchi wa Uingereza kuacha sukari na ramu ya Karibi. Kilikuwa na kurasa 12 tu, na matoleo ya kwanza hayakuwa na jina la mwandishi. Mchapishaji alikuwa mwanamke Mbaptisti, Martha Gurney, aliyekuwa na duka la vitabu mtaa wa Holborn. Katika miezi michache zilitoka nakala zisizopungua 70,000, na matoleo yakapita 20. Kwa zama zile hakuna kijitabu cha kupinga utumwa kilichosambaa kiasi hicho.

Nguvu yake haikuwa katika huruma. Fox alipiga hesabu. Familia inayotumia ratili 5 za sukari kwa wiki, pamoja na ramu inayolingana nayo, ikiacha kwa miezi 21 itamwokoa mtu mmoja asitiwe utumwani wala asiuawe. Familia 38,000 zikifanya hivyo, biashara ya kupeleka watu kwenye visiwa vya Uingereza itakwisha kabisa. Akaongeza kwamba katika kila ratili ya sukari tunaweza kuhesabiwa kuwa tumekula wakia 2 za nyama ya binadamu. Kwake mnunuzi hakuwa mtazamaji: anayenunua bidhaa ameshiriki katika uhalifu, sawa na nahodha wa meli na mwenye shamba.

Unaweza kubishana na takwimu zake, na wapinzani wake walibishana nazo. Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia mama wa nyumba au fundi seremala, kwa namba, kwamba uamuzi wake wa Jumamosi dukani una uzito kuliko kura asiyokuwa nayo. Kwa maoni yetu hapo ndipo siasa ya mnunuzi ilipozaliwa.

6. Vijitabu viliwafikiaje watu wasiojua kusoma?

Vilisomwa kwa sauti. Nyumba za kahawa, baa, vyumba vya mikutano vya makanisa na meza za chakula zilikuwa mahali pa kusomeana. Nakala moja ilihudumia watu wengi, kisha ikapelekwa kwa jirani. Watu wenye uwezo walinunua nakala nyingi kwa pamoja na kuzigawa bure, na wachapaji wa mikoani walikitoa upya kijitabu kwa ajili ya miji yao.

Picha nazo zilifanya kazi yake. Mwishoni mwa 1788 kamati ya Plymouth ilichapa mchoro wa meli ya watumwa iitwayo Brookes, na mwaka 1789 London ikatoa toleo lililopanuliwa, likiwa na maumbo 482 ya watu yaliyopangwa kwenye sakafu za meli bila nafasi ya kujigeuza. Na hiyo ndiyo hali iliyoruhusiwa kisheria au karibu nayo: sheria ya 1788 iliipa meli hiyo kikomo cha watu 454, ilhali katika safari moja ya nyuma ilikuwa imebeba 609. Mchoro huo ulibandikwa ukutani, na asiyejua herufi hata moja aliuelewa. Mfinyanzi maarufu Josiah Wedgwood alitoa kishaufu cha udongo chenye Mwafrika aliyepiga magoti akiuliza kama yeye si mtu na ndugu. Kilisambaa sana, ingawa wengi leo tunakereka, kwa haki, kuona mtu anayedai uhuru akichorwa kwa magoti.

7. Waafrika wenyewe walikuwa wapi katika maandishi haya?

Walikuwa mstari wa mbele, na ni kosa kubwa kusimulia habari hii kana kwamba ni ya Wazungu wenye huruma tu. Ottobah Cugoano, aliyetekwa akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Ghana, alitoa kitabu chake mwaka 1787 akitaka utumwa wote ukomeshwe, si biashara peke yake. Wakati huo kamati ya London ilikuwa bado haijathubutu kusema hivyo. Olaudah Equiano alichapisha maisha yake mwaka 1789 kwa njia ya wasomaji waliolipa kabla, akabaki na haki zake za uchapishaji, na akazunguka England, Scotland na Ireland akikiuza na kuhutubia. Kilitoka mara 9 akiwa hai. Yeye na Cugoano walikuwa katika kundi la Waafrika wa London lililojiita Wana wa Afrika, lililoandika barua magazetini na kwa wanasiasa.

Mwaka 1831 akaja Mary Prince, aliyezaliwa utumwani Bermuda na kufika London pamoja na wamiliki wake, ambako aliwaacha. Alisimulia, na maneno yake yakaandikwa: kupigwa, kuuzwa mnadani mbele ya mama yake, kusimama katika maji ya chumvi hadi miguu ikajaa vidonda. Ni simulizi ya kwanza ya maisha ya mwanamke mweusi kuchapishwa Uingereza, na mwaka huohuo ikatoka mara tatu. Sehemu inayogusa kuliko zote ni pale anapokanusha wanaodai kwamba watumwa wameridhika. Anasema yeye amekuwa mtumwa, anajua wanavyojisikia.

8. Wenye mashamba walijibu nini?

Walikuwa na fedha na wachapaji wao. Vijitabu vyao vilidai kwamba sukari ni lishe, kwamba mkulima maskini wa Uingereza ana hali mbaya kuliko mtumwa, kwamba Ufaransa itachukua soko, na kwamba mgomo utawaumiza watumwa wenyewe kwa sababu bwana akipata hasara atapunguza chakula chao. Hoja hii ya mwisho ilikuwa na chembe ya ukweli na ndiyo iliyowasumbua wakomeshaji. Jibu lao lilikuwa kwamba mwenye shamba anayeua watu wakati wa faida hawezi kudai huruma wakati wa hasara. Wachora katuni nao walikuwa na siku yao: mwezi wa Machi 1792 James Gillray alimchora Mfalme George III na malkia wakiwashawishi binti zao, waliokunja nyuso, wanywe chai bila sukari.

## Jikoni na dukani

9. Watu walitumia nini badala yake?

Wengine asali, wengine hawakuweka kitu. Wengine walitafuta sukari ya Bara Hindi (tazama swali la 11). Wauzaji pia walijiunga: mwaka 1792 James Wright, mfanyabiashara Mquaker wa Haverhill, Suffolk, alitangaza gazetini kwamba hatauza tena sukari mpaka aipate kwa njia isiyochafuliwa na utumwa. Aliwaarifu wateja wake mapema ili waweze kujitafutia kwingine, jambo lililoonyesha kwamba alikuwa tayari kuwapoteza.

10. Kwa nini wanawake wanatajwa sana?

Kwa sababu sukari ilikuwa mikononi mwao, na baadaye uongozi pia. Mwanamke wa Uingereza wa wakati ule hakupiga kura, hakuingia Bungeni, na akiolewa mali yake ikawa ya mume. Lakini orodha ya vitu vya dukani na birika la chai vilikuwa vyake. Vijitabu vya 1791 vililijua hilo.

Katika mgomo wa pili hawakusubiri kuambiwa. Mwaka 1824 Elizabeth Heyrick wa Leicester alichapisha kijitabu kilichodai utumwa ukomeshwe mara moja, si polepole. Jina lake halikuwekwa, na wengi walidhani kimeandikwa na mwanamume. Aliwalaumu waziwazi viongozi wa harakati kwa unyenyekevu wao mbele ya wenye mashamba. Yeye na rafiki yake Susanna Watts walipita nyumba kwa nyumba Leicester wakiwasihi watu waache sukari ya Karibi.

Tarehe 8 Aprili 1825 wanawake wa Birmingham na jirani zake, wakiongozwa na Lucy Townsend na Mary Lloyd, waliunda chama chao. Walishona vifuko vya hariri, wakatia ndani vijitabu na vipande vya magazeti, wakauza na kugawa, pamoja na kuzitembelea nyumba za mji. Vyama vya namna hiyo vikaenea. Wilberforce hakupendezwa: aliandika mwaka 1826 kwamba wanawake kukutana, kuchapisha na kuzunguka nyumba kwa nyumba hakulingani na tabia ya mwanamke kama Maandiko yanavyoieleza. Hawakumsikiliza. Mwaka 1830 wanawake wa Birmingham walisema watazuia mchango wao wa fedha mpaka chama kikuu cha London kiache neno "polepole" katika jina lake. Mwezi wa Mei mwaka huo kikaliacha.

11. Je, sukari ya Bara Hindi kweli haikuwa na utumwa?

Hapa ndipo ukweli unapokuwa mchungu. Mabakuli ya sukari ya miaka ya 1820 yaliandikwa kwamba sukari ya India Mashariki, yaani ya Bara Hindi, haitengenezwi na watumwa, na kwamba familia sita zikibadilisha, mtumwa mmoja atapungua. Kwa sehemu kubwa miwa ya Bengal ililimwa na wakulima wadogo, si watumwa. Lakini utumwa ulikuwepo Bara Hindi chini ya utawala wa Kampuni ya India Mashariki, na sheria ya kuuondolea nguvu ilikuja 1843. Aidha, wakulima wengi walikuwa wamefungwa kwa madeni.

Kulikuwa pia na maslahi ya kibiashara. James Cropper wa Liverpool, mmoja wa watetezi wakubwa wa sukari hiyo, alikuwa yeye mwenyewe mwagizaji wa bidhaa za Bara Hindi, na ushuru uliotozwa sukari ya huko ulikuwa mkubwa kuliko ule wa Karibi hadi 1836. Wapinzani walimrushia jambo hilo usoni. Sisi hatuoni kwamba linaufuta ukweli wa alichosema, kwa sababu alitumia fedha zake nyingi katika harakati. Hata hivyo, msomaji ana haki ya kulijua.

Tena sukari iliyotoka Bahari ya Hindi haikuwa yote ya Bara Hindi. Ya Mauritius ilikuwa ya watumwa, tena watumwa waliotoka kwetu (swali la 15).

## Matokeo

12. Mgomo ulifanikiwa?

Ukipima kwa bei, ni vigumu kusema ndiyo. Mwezi wa Agosti 1791, mgomo ukiwa ndio kwanza unapamba moto, watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, waliasi. Koloni hilo la Ufaransa lilikuwa la kwanza duniani kwa sukari. Mashamba yakateketea, sukari ikaadimika Ulaya yote na bei ikapanda. Mwenye shamba wa Jamaica aliyepoteza mteja Leicester alimpata mwingine Hamburg. Kwa hiyo huwezi kutenganisha athari ya kijitabu na athari ya moto.

Ukipima kwa siasa, picha ni nyingine. Mwaka 1792 yalifika Bungeni maombi 519 yenye sahihi zipatazo 390,000, mengi kuliko yaliyowahi kupokewa juu ya jambo lolote. Bunge likakubali kwa kura 230 dhidi ya 85 kwamba biashara ikomeshwe, ila waziri Henry Dundas alikuwa amepenyeza neno "polepole", na Baraza la Malodi likaliweka kando. Vita na Ufaransa vilipoanza 1793, mwenye kudai mageuzi alionekana msaliti, na mgomo ukafifia. Tangu kura ile ya 1792, miaka 15 ilipita kabla ya sheria ya 1807.

Tunachoona ni kwamba mgomo uliwapa wasio na kura kitu cha kufanya kila siku. Mtu aliyeacha sukari miezi sita hakuwa tena rahisi kunyamazishwa, na watoto waliokulia meza zile ndio waliotia sahihi mwaka 1833, maombi yalipozidi 5,000 na kufikia karibu sahihi milioni 1.5. Moja lilikuwa la wanawake 187,000, zito kiasi kwamba wabunge wanne walilibeba.

13. Basi ni nini kilichoumaliza utumwa: vijitabu, uchumi, au watumwa wenyewe?

Wanahistoria wanabishana hadi leo, lakini jibu lolote lisilowataja watumwa wenyewe lina kasoro. Mwishoni mwa Desemba 1831 Samuel Sharpe, mtumwa na mhubiri wa Kibaptisti, aliongoza mgomo wa kazi Jamaica uliogeuka kuwa uasi wa makumi ya maelfu. Sharpe alikuwa msomaji. Alifuata magazetini mijadala ya Uingereza na kuwaeleza wenzake kwamba uhuru unacheleweshwa makusudi. Yaani maandishi yaliyolenga meza za chai za Birmingham yalifika hadi kwenye mashamba ya miwa. Watu zaidi ya 300 walinyongwa au kupigwa risasi kwa hukumu, na Sharpe akanyongwa tarehe 23 Mei 1832. Mwaka uliofuata sheria ikapita.

Masharti yake yanapaswa kujulikana. Serikali ililipa pauni milioni 20, lakini iliwalipa wenye watumwa. Watu wapatao 800,000 walioachwa huru hawakupata hata senti, tena wengi walilazimishwa kuendelea kumtumikia bwana yuleyule chini ya jina la "uanagenzi" hadi tarehe 1 Agosti 1838. Deni lililotokana na malipo yale lilimalizika kulipwa na walipa kodi wa Uingereza mwaka 2015.

14. Na Marekani mambo yalikwendaje?

Kwa ugumu zaidi, kwa sababu bidhaa yenyewe ilikuwa pamba. Unaweza kunywa chai chungu, lakini huwezi kutembea uchi. Weusi huru wa Philadelphia walikuwa miongoni mwa waliojitahidi zaidi: mwaka 1830 walikutana katika kanisa la Bethel na kuunda chama cha kununua bidhaa za kazi huru tu, na mwaka 1831 wanawake wakaunda chao. Lydia White, Mquaker wa mji huohuo, alifungua duka la bidhaa hizo. Levi Coffin alifungua lake Cincinnati mwaka 1847, na la George Taylor, Philadelphia, lilidumu kuanzia 1847 hadi 1867. Malalamiko yalikuwa yaleyale kila mahali: kitambaa kigumu, bei juu, cha kuchagua hakuna. William Lloyd Garrison, aliyeunga mkono mwanzoni, alikuja kuona kwamba watu wanatumia muda mwingi kuitakasa kabati ya nguo badala ya kuushambulia mfumo.

Vijitabu huko vilikuwa jambo la hatari ya maisha. Mwaka 1829 David Walker, mtu mweusi huru aliyeuza nguo kuukuu Boston, alichapisha wito wa kuwataka watumwa wasikubali tena kukanyagwa. Aliwatumia mabaharia kuupeleka Kusini, na majimbo kama Georgia yakatunga sheria kali dhidi ya maandishi hayo. Mwaka 1835 Chama cha Kupinga Utumwa kilituma vijitabu kwa maelfu kupitia posta. Usiku wa tarehe 29 Julai kundi la watu lilivunja ofisi ya posta ya Charleston, likaiba magunia, na usiku uliofuata likayachoma hadharani. Mkuu wa posta wa nchi nzima hakuwaadhibu, na mameneja wa posta wa Kusini wakaachiwa wazuie vijitabu hivyo. Mwaka 1837 mhariri Elijah Lovejoy aliuawa Alton, Illinois, akilinda mtambo wake wa kuchapia.

## Maswali yanayotugusa huku kwetu

15. Kuna uhusiano gani na pwani ya Afrika Mashariki?

Upo, na si wa kulazimisha. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Katika miaka ya 1780 meli za Ufaransa zilichukua watu wa pwani hii na ya Msumbiji hadi Saint-Domingue, kwa hiyo miongoni mwa waliolima miwa kule kabla ya uasi wa 1791 walikuwamo Waafrika Mashariki. Uingereza iliitwaa Mauritius 1810. Mwaka 1825 sukari yake ikapunguziwa ushuru ilingane na ya Karibi, na miwa ikafunika kisiwa. Waliokuwa watumwa huko ilipofika Februari 1835, siku sheria ilipoanza kutumika, walizidi 60,000, wengi wao wakiwa na asili ya Msumbiji, pwani yetu na Madagaska.

Halafu kuna kitambaa cha merikani. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, meli za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar merikani kwa majora, kikabadilishwa kwa pembe za ndovu, sandarusi na karafuu, kisha kikabebwa bara hadi Tabora na Ujiji kama fedha. Kilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba hiyo, soko likachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi. Mtumwa wa Alabama na hamali wa Unyamwezi walikuwa kwenye mnyororo mmoja wa biashara bila kujuana.

16. Zanzibar nako kulijaribiwa kitu kama hicho?

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873 chini ya Sultani Barghash, kwa shinikizo la manowari za Uingereza kuliko la walaji, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa Aprili 1897. Mwaka huohuo Waquaker wa Uingereza walianzisha misheni Pemba, wakawa na shamba la karafuu huko Banani, ambako waliokuwa watumwa walifanya kazi kwa ujira. Ni wazo lilelile la bidhaa za kazi huru, ila safari hii lilianzia shambani, si dukani.

17. Baada ya sukari, migomo ilikoma?

Hapana, ingawa kwanza iligonga mwamba. Mwaka 1846 Bunge lilipitisha sheria ya kuilinganisha kwa hatua sukari ya nchi za nje, ikiwamo ya Cuba na Brazil iliyozalishwa na watumwa, na ile ya makoloni yaliyokuwa huru. Mlaji wa Uingereza akapata sukari rahisi, na meli za watumwa kuelekea Cuba zikapata sababu ya kuendelea. Waliokuwa wamebaki katika harakati walilia, lakini hoja ya bei nafuu kwa maskini iliwashinda.

Mwanzoni mwa karne ya 20 suala likarudi kwa sura ya kakao. Kiwanda cha chokoleti cha Cadbury, cha familia ya Waquaker, kilinunua kakao ya São Tomé na Príncipe, visiwa vya Ureno vilivyolimwa na watu walioletwa kutoka Angola kwa mikataba ya jina tu. Habari zilimfikia William Cadbury mwaka 1901. Mwandishi Henry Nevinson akayaweka wazi mambo hayo kwa umma mwaka 1906. Kampuni za Cadbury, Fry na Rowntree zikasusia kakao ya huko Machi 1909. Cadbury ilipolishtaki gazeti lililoituhumu kwa unafiki, baraza la wazee wa mahakama liliipa ushindi na fidia ya robo peni. Wakati huo wanunuzi wa kampuni walikuwa wameshahamia Gold Coast, Ghana ya leo, ambako kakao ililimwa na wakulima wenyewe kwenye ardhi yao.